Mwaka Tuliomnyima Kezia Kiswahili

Watoto wa milimani wakinyeshewa njiani kwenda shule, sweta zao hutoa harufu ambayo haifanani na nyingine yoyote: sufu iliyolowa, moshi wa kuni, na juu yake vumbi la chaki. Ilinikuta mwaka huu nikiwa nimebanwa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa mbao, katika mkutano wa wazazi wa shule anayosoma mwanangu mkubwa hapa Gitega. Watoto walikuwa wametolewa nje muda si mrefu, harufu yao imebaki. Mwalimu, kijana mwenye sauti ya chini, alikuwa akimjibu mama mmoja aliyelalamika kwamba binti yake ni mwerevu nyumbani lakini shuleni ni mzembe hadi anamtia aibu.

Alisema wako watoto wenye akili kali ambao umakini wao hauji ukiitwa. Unakwenda unakotaka wenyewe, na ukishafika huko, unaweza kumwita mtoto kwa jina lake akiwa hapo hapo karibu asikusikie, na huo si ujeuri. Wako pia ambao herufi hazikai kwao: leo anaitambua, kesho anaitazama kama mgeni aliyebisha hodi. Wengine wana yote mawili. "Si uvivu, mama," alisema, "wala hajalaaniwa na mtu. Ndivyo kichwa chake kinavyofanya kazi. Sisi ndio tunaotakiwa kutafuta njia ya kumfikia." Yule mama akauliza kama kuna dawa. Jibu sikulisikia, kwa sababu kimawazo nilikuwa nimeshafika Bugendana, kilimani tulikoishi zamani, na mdogo wangu Kezia amesimama mbele yangu, mguu mmoja juu ya mwingine, ametoka chemchemini bila maji na bila bido.

Bido ni dumu la plastiki la kutekea maji, na katika nyumba kama yetu kulipoteza halikuwa jambo dogo. Nilimwuliza liko wapi. Akaniambia kwamba pale chemchemini kuna kaa asiye na miguu ya upande mmoja, kwamba anatembea kwa kuzunguka zunguka, na kwamba yeye amegundua ukimwekea kijiti upande ule uliopungua, anakwenda moja kwa moja. Alinionyesha kwa vidole. Nilimwuliza tena bido liko wapi, naye akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kana kwamba mimi ndiye niliyehama mazungumzo.

Tulikuwa watatu. Mimi mkubwa, Kezia wa katikati, na Yona wa mwisho. Wote tulizaliwa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, na baba tulimzika huko huko. Mama alituleta kwenye kilima alichozaliwa baba, ambako ndugu tuliyemkuta ni baba mdogo, aliyekuwa amebaki Burundi miaka yote na hakujua Kiswahili hata cha kuombea chumvi. Mvua za pili hazijaisha, mama akaugua, akafa. Mimi nilikuwa katika umri ule ambao sauti inaanza kukwaruza. Niliacha shule bila mtu kuniambia niache. Kulikuwa na watoto wawili wa kulisha na baiskeli ya baba mdogo iliyoegemezwa ukutani, nikaichukua, nikaanza kusukuma ndizi kwenda soko la Gitega. Mlima ukipanda unasukuma kwa kifua, ukishuka unafunga breki kwa soli ya kandambili. Kila nilipokuwa narudi nyumbani, jambo la kwanza nililosikia kabla ya kuona mlango lilikuwa sauti ya Kezia.

Alikuwa ndio kwanza ameanza mwaka wa kwanza wa shule. Alisema tangu anaamka. Wimbo wa kanisani aliusikia mara moja, Jumatatu anaufundisha watoto wa jirani, beti zote, na kukohoa kwa mchungaji katikati ya ubeti. Hesabu alizifanya kichwani akiwa anaruka kamba. Lakini ukimpa maharage ayaangalie motoni, yataungua, na utamkuta nyuma ya nyumba amelala kifudifudi anatazama siafu wakihama. Hakuwa mkaidi. Ukimkumbusha alijipiga kofi kwenye paji la uso, akakimbia, na njiani kuelekea jikoni akakutana na kitu kingine. Jirani zetu walimpenda na kumcheka. "Yule wenu," walisema, "akili anazo, ila hazilali nyumbani."

Siku moja akaniletea habari kwamba madamu ananiita. Madamu ndiyo jina la kila mwalimu wa kike huku. Nilikwenda na baiskeli yangu na utomvu wa ndizi umeganda mikononi, nikasimama mlangoni mwa darasa. Alinitazama juu hadi chini.

"Nimemwita mzazi."

"Mzazi ni mimi, madamu."

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alikuwa mwanamke mwema, na hili nalisema kwa sababu ni kweli. Alitoka nje, akasimama nami chini ya ukingo wa bati. Aliniambia, polepole ili nielewe Kirundi chake, kwamba Kezia si mjinga, tena darasani ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Tatizo ni kwamba hawezi kukaa, na herufi hazimwingii. Alifikiri sana juu yake, alisema, na ameona sababu. "Ninyi mmekulia Tanzania. Kichwa cha mtoto kimejaa Kiswahili, Kirundi kinakosa pa kukaa. Ndiyo maana macho yake yanazunguka: anatafuta maneno. Donc, kwa hiyo, nyumbani msiongee Kiswahili. Hata kidogo. Mfungie huo mlango, utaona."

Nilishukuru mpaka nikainama. Mnaonisoma, ninyi wa umri wangu mliorudi kama sisi, mnajua jinsi maneno hayo yalivyokuwa yanaingia akilini. Kila kitu kilichotushinda wakati ule kilikuwa na jina moja, Tanzania. Ukishindwa kulima mteremko, ni Tanzania. Ukikosa adabu ya kunywa bia ya mtu kwa mrija, ni Tanzania. Shuleni watoto walimwita Kezia Mtanzania, na mimi sokoni waliniita hivyo hivyo. Basi mtoto asiyejua kusoma angekuwa na ugonjwa gani mwingine? Na ugonjwa huu ulikuwa na tiba isiyohitaji kununuliwa.

Baba mdogo alifurahi. Alikuja jioni ile ile, akakaa kwenye kigoda, akatuambia Kiswahili tukiache mlangoni pamoja na matope ya miguu. Tukakiacha.

Sasa niwaeleze Kirundi changu. Nilijua kusalimia, kuagiza, kukataa, na bei za ndizi. Nilijua kusema leta maji, washa moto, kaa chini, lala. Nyumba yetu ikawa nyumba ya maneno hayo. Hadithi za mama zilikufa siku ile. Mama alikuwa na hadithi yake moja ya kuku wa kambini aliyejiandikisha mara mbili ili apate mgao wa mahindi mara mbili, mara ya pili amevaa kilemba, na jinsi askari wa foleni alivyomtambua kwa miguu. Alipokufa mama, mimi niliirithi, nikawa naisimulia watoto wakigoma kulala. Kwa Kirundi sikuweza hata kuianza. Kezia aliniomba, "Kaka, yule kuku," nami nikamjibu kwa Kirundi changu cha sokoni, "Sema Kirundi." Basi akaisimulia yeye. Kwa Kirundi. Akamgeukia Yona, akaisimulia yote, na sauti ya askari, na mwendo wa kuku mwenye kilemba, mpaka watoto wa jirani wakajaa mlangoni wakishika mbavu. Mimi nilielewa nusu.

Nilikaa pale nikiwa na furaha kubwa. Nilisema moyoni, dawa imeanza kufanya kazi.

Ni jambo la ajabu jinsi mtu anavyoweza kutazama kitu kikiwa mbele ya pua yake asikione. Kezia hakuwahi kukosa Kirundi. Alikuwa amekipata kwenye michezo, njiani, kanisani, kabla hata ya matanga ya mama kumalizika. Aliyekikosa ni mimi. Yeye ndiye aliyenirekebisha mbele ya wateja. "Kaka, ukiongea Kirundi unaburuza kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake," aliniambia, na jirani aliyekuwa ananunua kwangu mkungu akacheka hadi akaweka chini mzigo wake. Mimi pia nilicheka. Wala haikunijia kujiuliza, huyu anayenifundisha lugha, tunamtibu lugha gani?

Wakati wa kiangazi madamu aliwaruhusu watoto waazime kitabu cha kusomea. Kitabu chenyewe kilikuwa kimepita mikono mingi, na panya walikuwa wamekula pembe ya chini, wakatoboa kurasa kadhaa. Jioni Kezia alikaa karibu na moto, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma. Alisoma vizuri kweli. Kidole kilitembea, mdomo ulitembea, Kirundi kikatiririka kama cha mtu mzima. Nikaacha kumenya mihogo. Nilitaka mama awepo.

Yona, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, alikuwa amejiegemeza kwenye bega lake. Kidole cha Kezia kilifika chini ya ukurasa, kikafika kwenye tundu la panya, kikapita hewani, na mdomo haukusita hata kidogo.

"Anasoma tundu," alisema Yona.

Yona alicheka peke yake. Niliinuka, nikachukua kitabu, nikafungua ukurasa mwingine, nikamwambia asome. Akaanza, na ilikuwa habari ile ile ya ukurasa wa kwanza. Nikafunika picha kwa kiganja. Akakiondoa kidole kwenye mstari.

"Nani amekufundisha maneno haya?"

"Wenzangu. Wanayasoma kila siku kwa sauti. Nikisikia inatosha."

"Na herufi?"

"Herufi hazitulii, kaka."

Nilimwuliza herufi ya kwanza ya jina lake ni ipi. Aliitafuta kwa muda mrefu, uso umekunjamana kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi, kisha akaweka kidole. Haikuwa yenyewe. Nilipomwambia, aliniangalia kwa macho yaliyojaa maji na kusema jambo ambalo wakati ule nililiona kuwa ni uongo wa kitoto. "Jana ilikuwa hii."

Baada ya hapo nilijaribu kila nilichoweza kukifikiria, na nilichoweza kukifikiria hakikuwa kingi. Nilimgeuza akae kuelekea ukutani, asione kuku wala njia. Akagundua kwamba nyufa za ukuta wa udongo zinafanana na mabonde ya kwetu, akamwonyesha Yona ufa unaotoka Bugendana kwenda Mutaho. Nilimpeleka kanisani, mchungaji akamwekea mikono kichwani, akakemea roho ya kusahau kwa nguvu mpaka shati likalowa. Kezia alitulia kimya wakati wote wa maombi. Nilitumaini sana. Tulipofika nyumbani akamwigiza mchungaji, maneno yote bila kuruka hata moja, pamoja na kujifuta jasho. Nilikaa nje, nikaangalia mikono yangu. Nilikuwa nimezoea vitu vinavyosogea ukivisukuma.

Akarudia mwaka wa kwanza. Yona naye akaanza, wakakaa dawati moja. Kabla ya mvua kubwa Yona alikuwa anasoma maandishi kwenye magunia, kwenye sabuni, kwenye kuta za maduka tukipita. Alisoma bila kujisifu, kama mtu anayepumua, na Kezia akimsikiliza alifanya ni fahari yake mwenyewe. "Mmemsikia mdogo wangu?" aliwauliza watu njiani. Hesabu zilipofika, mambo yaligeuka: Kezia alimnong'oneza Yona majibu, madamu akawatenganisha. Wakati huo bado nyumbani tulikuwa tunaishi kwa Kirundi. Wakati mwingine nilimsikia Kezia akiwa peke yake nyuma ya nyumba akizungumza Kiswahili na mbuzi wa baba mdogo, kwa sauti ya chini, na sauti yenyewe ilikuwa ya mama. Nilipaswa kumkataza. Nilijifanya nafunga mzigo.

Mwisho wa mwaka ukafika, na mwisho wa mwaka kwetu una sherehe yake. Wanaiita proklamasio. Wazazi wote wanapanda hadi uwanja wa shule wakiwa wamevaa nguo za Jumapili, watoto wanapangwa kwa madarasa, na mkuu wa shule anasoma majina kwa sauti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa kwanza anapigiwa makofi, anakwenda mbele. Kadiri majina yanavyoshuka makofi yanapungua, mpaka inabaki sauti ya mkuu wa shule tu na upepo. Kila mama anajua mtoto wa kila mama mwingine amekuwa wa ngapi. Mimi nilisimama kati ya wanawake, na kofia ya baba nimeishika mkononi. Nilijua, kwa sababu madamu alikuwa ameshaniambia, kwamba shule haitampa nafasi mtoto anayeshindwa mwaka ule ule tena. Nilikuwa nimeomba tu jina lake lisomwe kabla ya mstari wa walioshindwa. Hata kama ni la mwisho juu ya mstari.

Yona alikuwa wa pili. Nilipiga makofi huku masikio yangu yakingoja. Majina yakashuka. Wakasoma waliopita wote. Mkuu wa shule akageuza karatasi, akakohoa, akaanza wengine, na Kezia akawa wa mwisho wao. Nyuma yangu mtu alisema, si kwa ubaya, "Mtanzania mwenyewe huyo." Kezia alisimama wima kabisa mahali pake, mikono nyuma, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona darasani au nyumbani, anasikiliza.

Tulishuka na watu wengi, wazazi na watoto wao, kwenye njia nyembamba. Kezia alikuwa mbele. Akaanza kuimba. Nilichukua muda kuelewa anaimba nini. Alikuwa anasema majina ya darasa lake, wa kwanza fulani, wa pili Yona, wa tatu fulani, kwa mpangilio ule ule aliousoma mkuu wa shule, pamoja na namna alivyovuta mwisho wa kila jina. Hakukosea. Mwanzoni watu walicheka, mama mmoja akampa mkono kwa kutajiwa mwanawe. Alivyoendelea kushuka, walinyamaza mmoja mmoja, kwa sababu kila mtu alijua orodha ile inakwenda kuishia wapi. Alifika chini, akataja jina lake kwa sauti ile ile. Akanisubiri nimfikie.

"Kaka, wa mwisho anakuwa mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Kama wa kwanza," alisema, akanishika mkono.

Baba mdogo hakungoja kesho. Alisema shangazi Rebeka, dada yao yeye na baba, anaishi Gasorwe, upande wa Muyinga, na alikuwa ameshasema anahitaji mtoto wa kumsaidia. Kule wanaongea Kiswahili, Kezia atakuwa na nafuu. Shule? "Shule imemkataa. Msichana hajui kusoma, ukimtuma maji haleti maji. Wewe huyu utamfanyia nini?" Nilisema hapana. Nilisema na kurudia, na nilitaka kueleza. Nilitaka kumwambia mtoto huyu ameyashika majina ya darasa zima kwa kuyasikia mara moja, kwamba kuna kitu ndani yake ambacho hakuna aliyekifikia, kwamba sisi watatu ndio tu tuliobaki wa mama, tusitenganishwe. Lakini baba mdogo alijua Kirundi tu, na Kirundi changu kiliishia kwenye bei za ndizi. Nilisimama pale nikisema "hapana, yeye mzuri, yeye kichwa kizuri," kama mlevi. Aliyekuwa na maneno ya kunitetea alikuwa Kezia, naye alikuwa nje na mbuzi.

Tulitoka asubuhi. Nilimbeba kwenye kiti cha baiskeli, mahali pa ndizi, hadi Mutaho, nikaiacha baiskeli kwa mtu tunayefahamiana, tukapanda gari la kwenda Muyinga. Tulipokaa nikamwambia, kwa Kiswahili, kwamba sasa anaweza kuongea anavyotaka.

Aliniangalia kuhakikisha. Kisha akaanza. Alisema tangu Mutaho bila kupumzika. Alisema habari za yule kaa, za siafu, za madamu, za ndoto ambayo mama alikuwa anasuka nywele za mbuzi, za mambo ya miezi na miezi yaliyokuwa yamekaa ndani yakingoja. Akaisimulia ile hadithi ya kuku, abiria wakageuka, waliojua Kiswahili wakacheka, wasiojua wakacheka kwa sababu ya uso wake. Dereva, mtu wa Muyinga, alikuwa anamtazama kwenye kioo.

"We mutoto, hauchoke kusema?"

"Sichoki. Nilikuwa nimekatazwa."

"Nani alikukataza?"

"Madamu. Na baba mdogo. Na kaka huyu."

"Huyu hapa? Anafanana mutu muzuri."

"Ni mzuri," alisema Kezia. "Ila Kirundi chake bado."

Gari zima lilicheka. Mimi niligeukia dirisha.

Shangazi Rebeka alikuwa amepanga chumba karibu na soko la Gasorwe. Alitupokea vizuri, akalia kidogo kwa ajili ya mama, akatuwekea wali na dagaa. Kwenye baraza ya jirani alikaa fundi cherehani, mzee wa Kiislamu aliyezaliwa Muyinga mjini, anayeshona nguo za watu wa soko. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Kezia hakumaliza chakula. Nilipotoka kumtafuta nilimkuta amepiga magoti chini ya meza ya cherehani, uso karibu kabisa na gurudumu, anatazama mkanda wa ngozi ukipanda na kushuka. Fundi hakumfukuza. "Mwache," aliniambia, "iko anaangalia mukanda tu. Haniharibie kitu."

Gari la mwisho la kurudi lilikuwa linakaribia kuondoka mjini, na kutoka Gasorwe hadi mjini kulikuwa na mwendo. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Mutaho. Nilichuchumaa.

"Kezia, naondoka."

Mkanda ulizunguka. Macho yake yalizunguka nao.

"Kezia. Kaka anaondoka. Nitakuja baada ya mavuno."

Hakugeuka. Nilimgusa bega, bega likasogea kidogo kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza nzi. Nilimwita tena, sasa kwa sauti ya mtu anayetaka kulia, na fundi akasimamisha miguu, akatazama pembeni kwa heshima. Mkanda uliposimama Kezia aliutazama umesimama. Akanyoosha kidole, akaugusa.

Shangazi alinishika mkono. "Amenuna," alisema. "Umemleta kwa watu, unategemea akushukuru? Mtoto akinuna mwache. Nenda, gari litakuacha."

Nilimwamini. Nilitembea njia yote hadi Muyinga mjini nikiwa na hakika kwamba mdogo wangu amenikataa, kwamba ananiadhibu, na kwamba ana haki. Niliporudi baada ya mavuno alinikimbilia, akanirukia shingoni, nikadhani amenisamehe. Hatukuzungumza habari ile. Leo Kezia ni mama wa watoto, anaishi Muyinga mjini, anatengeneza cherehani za mafundi zilizokufa, na ujumbe anaonitumia kwenye simu ni wa sauti tu, mrefu, unaoanza na jambo moja na kuishia mahali pengine kabisa. Kusoma hajui. Na habari ya siku ile pia sikuwahi kumwuliza.

Nilichojua nilikijua kwa shangazi, tena miaka mingi baadaye, kwenye msiba wa baba mdogo, tukiwa tumekaa pamoja tukichambua mchele wa waombolezaji. Alikuwa anacheka mambo ya zamani ya Kezia, kisha akaacha kucheka.

Alisema siku ile nilipoondoka, fundi alishona mpaka jua likaanza kwenda, akafunika cherehani yake, akaingia ndani kwake. Hapo ndipo Kezia alipotoka chini ya meza. Alijinyoosha, akaingia ndani, akachukua sahani, akagawa chakula: ya shangazi, yake, na ya tatu akaiweka mahali nilipokuwa nimekaa mchana, akaifunika.

"Nikamwuliza hiyo ya nani," alisema shangazi. "Akasema ya kaka. Nikamwambia kaka yako ameondoka tangu mchana, mwanangu. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyepotewa na akili. Akasema, hapana shangazi, hawezi kuwa ameondoka, bado hajaniaga. Akachukua sahani yako, akaenda kukaa nayo barabarani."